Mji wa kale ukianguka tuujenge vipi? Warsaw, Rotterdam, Mostar na Beirut zipimwe kwa macho ya Mombasa

Kila nyumba ya mawe inapoanguka Mji wa Kale, maneno ya barazani huwa yale yale. Wazee husema ijengwe kama ilivyokuwa, na roshani yake na mlango wake wa nakshi. Vijana waliorithi fungu dogo la nyumba hiyo husema ibomolewe yote, isimame ghorofa yenye maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Na kwa kuwa warithi ni wengi na hawakubaliani, gofu hubaki vivyo hivyo, miti ikiota ukutani, mpaka ukuta wa upande wa njia nao uanguke.

Nyumba zetu hazikupigwa mabomu. Zinaangushwa na chumvi, mvua, mirathi isiyogawanywa na bei ya kiwanja. Lakini swali la nini kifuate ni lile lile waliloulizana watu walioamka wakakuta katikati ya mji wao ni kifusi. Wao walijibu kila mmoja kwa njia yake, na majibu yao yamekaa miaka ya kutosha kuonyesha matunda. Nimeyalinganisha hapa kwa ajili ya wenye nyumba, wazee wa mtaa na kila mwenye sauti katika mipango ya Mji wa Kale. Msimamo wangu nausema mapema: tunabishana mno juu ya sura ya nyumba, na hatuulizi vya kutosha ni nani atakayerudi kukaa ndani yake.

Kipimo chetu wenyewe

Tusianze Ulaya. Mombasa imechomwa zaidi ya mara moja. Agosti 1505 Mreno Francisco de Almeida aliushambulia mji huu, akaupora na kuutia moto. Maelezo ya msafara wake yanataja nyumba za mawe za ghorofa tatu zilizopakwa chokaa, nyumba za mbao kati yake, na vichochoro vyembamba vilivyozidi kubanwa na viti vya mawe vilivyojengwa mbele ya nyumba. Viti hivyo ndivyo baraza zetu. Mwaka 1528 akaja Mreno mwenzake, Nuno da Cunha, akaushika mji, na alipoondoka mwaka uliofuata akauchoma tena. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa 1593, na Waomani walipoizingira, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, mji ulikaa vitani miezi 33.

Waliorudi baada ya kila moto hawakuwa na picha ya kufuata. Nyumba nyingi zinazosimama leo Ndia Kuu na Kibokoni ni za karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na roshani zake zina mkono wa mafundi wa Kihindi. Hakuna Mreno wa 1505 ambaye angezitambua. Lakini angetambua kichochoro chembamba, baraza, daka la kuingilia, na msikiti ulio hatua chache kutoka mlangoni. Mawe yamebadilishwa mara nyingi. Mpangilio wa mji umebaki, kwa sababu waliojenga upya ni wale wale waliokuwa wakikaa hapo, au watoto wao. Hicho ndicho kipimo nitakachotumia kwa miji mingine.

Warsaw: kuirudisha sura

Warsaw, mji mkuu wa Poland, haikubomoka kwa mapigano peke yake. Maasi ya wenyeji dhidi ya Wajerumani yalianza tarehe 1 Agosti 1944, na yalipozimwa mwanzoni mwa Oktoba, Wajerumani walipita mtaa kwa mtaa wakichoma na kulipua. Zaidi ya asilimia 85 ya mji wa kale ilikuwa kifusi. Wakati viongozi wanajadili kama makao makuu ya nchi yahamishwe, wenyeji walikuwa wamesharudi na kujihifadhi katika mabaki ya nyumba zao.

Wakaamua kuurudisha mji kama ulivyokuwa, na waliweza kwa sababu walikuwa na ushahidi. Kabla ya vita wanafunzi wa usanifu majengo wa chuo cha ufundi cha Warsaw walikuwa wamezipima na kuzichora nyumba za mji wa kale. Vita vilipopamba moto, michoro ilitoroshwa na kufichwa katika nyumba ya watawa mjini Piotrków. Walikuwa pia na picha za rangi za Bernardo Bellotto, Mtaliano aliyeichora mitaa ya Warsaw katika karne ya 18. Uwanja wa Soko ulifunguliwa tena Julai 1953. Kasri la Kifalme lilingoja zaidi. Ujenzi wake ulianza 1971. Mwaka 1980 UNESCO iliuweka mji huo katika Urithi wa Dunia, ikiheshimu kazi yenyewe ya kuujenga upya, bila kudai kwamba mawe ni ya zamani.

Ukiona picha za uwanja huo unatamani nasi tufanye hivyo hivyo. Lakini ingia ndani. Nyuma ya kuta za mbele vyumba vilipangwa upya kuwa makazi ya kisasa, na vibanda na majengo yaliyokuwa yamejazana uani hayakurudishwa, ili watu wapate hewa na mwanga. Hilo mimi naliona ni la busara. La pili ni zito zaidi: matofali mengi yaliletwa kutoka miji mingine iliyobomoka, Wrocław ukiwemo. Mji mmoja ulisimamishwa kwa kuchukua mabaki ya mingine. La tatu ndilo linalotuhusu hasa. Amri ya Oktoba 1945 iliitwaa ardhi yote ya Warsaw ikawa ya umma. Bila amri hiyo kazi isingekwenda kwa kasi ile, lakini madai ya wenye ardhi na warithi wao yameendelea mahakamani hadi karne hii. Nyumba ilirudi. Mwenye nyumba, mara nyingi, hakurudi.

Kufuata njia ya Warsaw hapa kwetu kunahitaji michoro, vifaa na mafundi. Chukua ukuta mmoja tu. Ukuta wa nyumba ya kale ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mnene, na juu yake zimelazwa boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haikupi upana utakao. Upana wa chumba unafuata urefu wa boriti, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba, wala havifiki mita 3 au huzifikia kwa taabu. Ukiweka nguzo na sakafu za zege, vyumba vinapanuka, madirisha yanahama, na ule ukuta wa mbele unabaki pambo tu. Ukipaka saruji juu ya matumbawe, unyevu unafungiwa ndani na chumvi inaisukuma plasta kutoka nyuma. Misimu michache ya mvua ikipita, inabambuka mapande kwa mapande, tena inaondoka na uso wa jiwe. Chokaa hupitisha unyevu, ukuta ukakauka wenyewe. Fundi anayejua kuiloweka chokaa mpaka ilainike, kisha akaipaka tabaka moja nyembamba baada ya jingine, ni wa kutafutwa. Fundi wa saruji yuko kila kona.

Rotterdam: kufyeka na kuanza upya

Tarehe 14 Mei 1940 ndege za Ujerumani ziliipiga Rotterdam, Uholanzi, kwa muda wa kama robo saa, na moto ukamalizia. Nyumba zipatazo 25,000 ziliteketea, watu kama 80,000 wakakosa makao, na waliokufa wanakadiriwa kuwa kati ya 800 na 900. Siku chache tu baadaye mhandisi Willem Witteveen aliagizwa kuchora mpango, na viwanja vya eneo lililoungua vikatwaliwa. Mpango uliotekelezwa hatimaye, wa Cornelis van Traa, ulikamilika 1946: barabara pana, ofisi, maduka, na nafasi ya biashara kukua. Mtaa wa maduka wa Lijnbaan, wa waenda kwa miguu pekee, ulifunguliwa 1953. Kanisa la Laurens la enzi za kati, lililokuwa limeungua, lilikarabatiwa kuanzia 1952 hadi 1968, nalo likabaki kama mzee mmoja aliyesalia katika ukoo.

Huu ni mji wa bandari kama wetu, ndiyo maana mfano wake una nguvu. Kazi ilibidi irudi haraka, na ilirudi. Leo wageni wanasafiri kwenda kuyatazama majengo yake mapya. Tena hawakumdanganya mtu: hakuna aliyeambiwa kwamba ukuta wa 1955 ni wa 1655. Ila kwa miaka mingi katikati ya mji kulikuwa na ofisi na maduka mengi na wakazi wachache, na jioni milango ikifungwa, mitaa ilitulia kama imehamwa. Baadaye ilibidi waanze tena kurudisha nyumba za kuishi.

Wanaotaka kupanua njia ndani ya Mji wa Kale wanafikiri kama van Traa, hata kama hawajapata kulisikia jina lake. Kichochoro chetu ni chembamba kwa sababu. Nyumba mbili ndefu zinazotazamana zinatiliana kivuli, na upepo wa bahari unapita katikati. Ukiupanua ili gari lipite, jua la saa sita linaanguka moja kwa moja ukutani, baraza haikaliki tena, na kila chumba kinadai kiyoyozi.

Hata hivyo nisiwaonee wapenzi wa zege. Le Havre, mji wa bandari wa Ufaransa, ulipigwa na Waingereza Septemba 1944, na msanifu majengo Auguste Perret akaujenga kwa zege, akipima kila kitu kwa kipimo kimoja cha mita 6.24. Mwaka 2005 nao uliingia Urithi wa Dunia. Perret alikuwa na kipimo chake kama mababu zetu walivyokuwa na boriti yao. Kinachoharibu Mji wa Kale ni ujenzi usio na kipimo chochote: ghorofa inayopanda hadi fedha ziishe na kula baraza ili ipate chumba kimoja zaidi cha duka.

Mostar na Dresden: jiwe juu ya jiwe

Hapa tunazungumzia jengo moja moja, si mtaa mzima. Daraja la Mostar, Bosnia, lilimalizwa 1566 na Mimar Hayruddin, na liliangushwa kwa mizinga ya Wakroati tarehe 9 Novemba 1993. Lilifunguliwa tena 23 Julai 2004. Mafundi walitumia jiwe la aina ile ile, liitwalo tenelija, linalochimbwa karibu na mji, na wakayafunga mawe kwa vyuma vilivyomiminiwa risasi, kama walivyofanya Waturuki. Mawe yaliyoopolewa mtoni hayakurudishwa kwenye tao, kwani hayangeaminika kubeba mzigo. Kazi nzuri sana. Lakini daraja halikuwaunganisha watu kwa kusimama tu. Wakroati na Wabosniaki (Wabosnia Waislamu) wa Mostar wamebaki wamegawanyika katika siasa na hata mashuleni.

Dresden, Ujerumani, ilifanya jambo jingine ninalolipenda. Kanisa la Frauenkirche liliporomoka 15 Februari 1945, siku mbili baada ya mabomu kuanza kuanguka, na kifusi chake kikaachwa miongo kadhaa. Ujenzi ulianza 1994 na kanisa likawekwa wakfu tena Oktoba 2005. Mawe ya zamani yaliyotambulika yalirudishwa ukutani, na kwa kuwa ni meusi, unayaona wazi kati ya mapya yenye rangi ya mchanga. Huhitaji kibao kukueleza kilichotokea. Fedha nyingi za kazi hiyo zilikuwa michango.

Kwa nyumba ya Mombasa ambayo kuta zake tatu bado ni nzima, hii ndiyo njia ninayoitetea kwa moyo wote. Ziba palipobomoka kwa jiwe la matumbawe la kuchonga kutoka machimbo ya nchi kavu na chokaa, badilisha boriti zilizooza tu, na kiraka kionekane kuwa kiraka. Mikoko haikatwi ovyo, inahitaji kibali, kwa hiyo hesabu boriti zako kabla hujaagiza.

Kuliacha gofu

Coventry, Uingereza, walipigwa 14 Novemba 1940 na kanisa lao kuu likaungua. Msanifu majengo Basil Spence hakuligusa. Alijenga jipya ubavuni mwake, likafunguliwa 1962, na kuta tupu za lile la kale zikabaki wazi kwa mvua na maombi. Majirani zetu wa Unguja nao wana mfano. Waingereza walipoipiga Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896, jumba la Beit al-Hukm liliharibiwa na halikujengwa tena. Beit al-Ajaib iliyokuwa jirani ilisalimika, ikafanyiwa marekebisho na kupewa mnara wa saa mbele yake. Sehemu ya jumba hilo hilo, lililovuka vita, iliporomoka 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa.

Kwa hiyo anayesema tuliache gofu kama kumbukumbu aseme pia nani atalihudumia kila mwaka. Gofu linalohifadhiwa lina gharama zake: kung'oa miti, kufunika vichwa vya kuta kwa chokaa, kuelekeza maji ya mvua. Bila hayo ni hatari iliyoning'inia juu ya watoto wanaopita kwenda chuoni.

Beirut: hisa badala ya nyumba

Huu ndio mfano unaonitia hofu, kwa sababu unafanana na sisi kuliko Ulaya. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1975 hadi 1990 viligawa Beirut, mji mkuu wa Lebanoni, na katikati ya mji, penye masoko, misikiti na makanisa, palikuwa mstari wa mapigano. Viwanja vilikuwa vidogo, wamiliki wengi, warithi wametawanyika duniani, wapangaji wa miaka mingi, na mali za wakfu. Nani angewapatanisha wote hao? Jibu la serikali lilikuwa sheria ya 1991 iliyoruhusu kampuni moja kulichukua eneo zima. Kampuni hiyo, Solidere, ilianzishwa 1994, na mtu aliyehusishwa nayo zaidi ni Rafic Hariri, aliyekuwa waziri mkuu. Wenye nyumba na wapangaji hawakurudishiwa nyumba. Walipewa hisa.

Mawe yaliyokarabatiwa yanapendeza, hilo siwezi kulikana. Wamechonga vizuri, mitaa ni safi, na soko jipya lililosanifiwa na Rafael Moneo lilifunguliwa 2009. Lakini majengo mengi ambayo yangeweza kuokolewa yalibomolewa kwa matingatinga baada ya vita kwisha. Fundi saa, muuza viungo, mshona viatu na mteja wao wa kila Ijumaa hawakuweza kulipia duka jipya. Mwenye hisa anaweza kupata faida au hasara. Hawezi kukaa barazani juu ya hisa yake.

Sasa tazama Mombasa. Kuna nyumba zenye warithi hata hawafahamiani. Kuna mali za wakfu. Kuna ule utaratibu wetu wa nyumba bila ardhi, ambapo ukuta ni wako na ardhi ni ya mwingine unayemlipa kodi. Siku ikija kampuni na kusema itatuondolea shida hii yote kwa mkataba mmoja, wengi tutachoka kubishana na tutatia saini. Warsaw ilikata fundo hilo kwa amri, Rotterdam kwa kutwaa viwanja, Beirut kwa hisa. Miji yote mitatu ilipata nafasi ya kujenga, na katika yote mitatu swali la nani arudi lilijibiwa na mtu asiyekuwa mkazi.

Basi uchague ipi?

Nyumba yenye kuta nzima na paa lililoporomoka, hasa zile za Ndia Kuu na njia zinazoelekea bandari ya kale: njia ya Dresden, bila kusita. Ni ya polepole, lakini unaweza kuifanya chumba kwa chumba huku familia ikikaa upande mwingine, jambo ambalo njia nyingine haikuruhusu.

Gofu lililobaki msingi tu, na hakuna mchoro wala picha: usibuni ya kale. Roshani ya zege iliyotiwa rangi ya mbao haimheshimu fundi wa zamani. Jenga mpya kwa mstari ule ule wa njia, usiwapite majirani kwa urefu, acha baraza, acha daka, tia madirisha yanayopitisha upepo. Ndivyo walivyojenga waliorudi baada ya Almeida. Kuiga sura kwa mtindo wa Warsaw kunafaa pale tu penye picha nyingi na vipimo, na kwa jengo ambalo mtaa mzima unalikumbuka.

Kiwanja kimoja au viwili vya magofu vinaweza kuachwa wazi, kuta zikiimarishwa, watoto wapate pa kuchezea. Zaidi ya hapo ni kuukimbia ugomvi wa mirathi.

Kufyeka mtaa, hapana. Hisa badala ya nyumba, hapana, hata mchoro ukiwa mzuri kiasi gani.

Kabla ya fundi, maliza karatasi. Mji wa Kale ni eneo lililohifadhiwa kisheria, na Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inatumika, kwa hiyo ofisi ya uhifadhi iende kuonwa mapema. Warithi waandikwe wote, waliopo Mombasa na walio ng'ambo, na fungu la kila mmoja lijulikane. Mpangaji aliyekaa humo miaka mingi aandikwe naye, na ikubaliwe kodi atakayolipa akirudi. Asiyeandikwa mwanzoni huwa harudi.

Na ambao nyumba zenu bado zimesimama, zipimeni sasa. Kamba ya kupimia, daftari na simu yenye kamera vinatosha kwa kuanzia: unene wa kuta, urefu na upana wa kila chumba, idadi ya boriti na nafasi kati yake, kimo cha baraza, mahali pa kila mlango na dirisha. Mlango wa nakshi upigwe picha umefungwa, kisha umefunguliwa, kisha fremu yake kwa karibu. Nakala moja ikae kwa ndugu asiyeishi Mji wa Kale. Ukuta mnaoshirikiana na jirani upimwe jirani mwenyewe akiwepo na atie saini, maana huo ndio unaoleta kesi kwanza.